Kidari cha Mama Mkwe

Jumatatu, 15 Desemba

Mama mkwe anakuja! Imaculata kaniambia asubuhi nikipiga mswaki, nusura nimeze povu. Krismasi hii mama yake atakula kwangu. Kwangu! Si kwa Ramson.

Niandike vizuri, ili hata nikifa leo watu waelewe. Mimi na Ramson tumeoa nyumba moja. Mimi nina mkubwa, Imaculata. Yeye ana mdogo, Skolastika. Mimi nilianza na kilo mbili za misumari kwenye karai, chini, sokoni. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Lizaboni. Ramson ni mtumishi wa halmashauri, alihamishiwa Songea na gari la serikali likambebea mpaka kabati. Halafu kila Krismasi, miaka minane mfululizo, mama mkwe anashuka kutoka Mpitimbi na kikapu chake, anapita mbele ya duka langu, ananipungia mkono, anakwenda kula sikukuu kwa Ramson. Miaka minane! Hata uzi wa pazia langu hajaugusa.

Sababu naijua. Kidari. Kwao mkwe hapewi nyama ilimradi nyama. Anawekewa kidari kizima, sahani yake peke yake. Ndiyo heshima. Na kidari cha Krismasi buchani wakubwa wameshakiweka oda tangu Novemba. Ramson ni mkubwa. Mimi ni mtu wa misumari.

Mwaka huu nakipata. Liwalo na liwe.

Jumatano, 17 Desemba

Kikao cha ng'ombe. Tuko kaya kumi na mbili hapa mtaani. Tunachanga tangu Januari, tunanunua fahali mmoja, tunamchinja alfajiri ya Krismasi, tunagawana mafungu juu ya majani ya mgomba. Wakristo saba, Waislamu watano, ng'ombe mmoja. Mafungu yote sawa. Kichwa, mkia na kidari vinapigiwa kura. Mimi sijawahi kupata kidari. Mwaka juzi nilipata mkia. Mwaka jana kwato, na kwato hazikuwa hata kwenye kura!

Fahali kaletwa leo kutoka mnadani. Mweusi, bonge, mpole kama bibi harusi. Mwenyekiti wetu Kajetani, mwalimu mkuu mstaafu, akauliza nani atamtunza mpaka sikukuu. Watu wakaanza kuchunguza viatu vyao.

Nikasimama. Nikasema nitamtunza mimi, ila kidari kiwe changu bila kura. Kajetani akasema tangu chama kianze halijatokea. Hassani wa cherehani akasema mpeni, mradi kilo zetu zisipungue hata robo. Kajetani akanitazama juu ya miwani, kama bado niko darasa la nne. Akasema sawa, lakini fahali akipatwa na lolote, Krismasi kaya zote kumi na mbili zitakula kwangu. Nikakubali kabla hajafika kwenye nukta.

Nyumbani nikampima kwa tepu ya dukani. Kifua sentimita mia moja hamsini na mbili. Nikapiga hesabu. Kilo mia mbili sabini na kitu akiwa hai, nyama nusu yake, kidari hakikosi kilo saba. Kilo saba za heshima! Ramson ajipange.

Alhamisi, 18 Desemba

Huyu mnyama hashibi!

Alfajiri nimeshuka bondeni na fyekeo, mvua inanyesha, nimerudi na mzigo wa majani kichwani kama mwali. Kamaliza kabla sijabadili shati. Nikashuka tena. Kamaliza. Kisha kala mchicha wote wa Imaculata. Kisha kala kalenda ya duka, kuanzia Machi. Mchana kaingiza mdomo kwenye kopo la rangi ya mafuta, ulimi ukawa wa bluu. Mteja aliyekuja kununua bati kauona ule ulimi, kaenda kununua kwingine.

Imaculata anauliza kwa nini nisimlipe mtu wa kukata majani. Nimlipe mtu kwa majani ya Mungu? Nimeduwaa. Mwanamke tuliyekula naye msoto!

Lakini mgongo unauma. Lazima pawe na njia.

Jumamosi, 20 Desemba

Njia imeingia dukani yenyewe kwa miguu miwili!

Kaja Yohanes, katekista wetu. Anataka misumari ya inchi tatu ya kujengea pango la Noeli. Kasimama kaunta analalamika. Kasema Padri aliwauliza watoto Krismasi ni nini. Wa kwanza kajibu ni soda. Wa pili kajibu ni nguo mpya. Wa tatu kajibu ni siku baba anarudi amelewa. Walipoulizwa hori ni nini, hakuna aliyejua hata mmoja, wakadhani ni jina la mtu. Padri kasikitika, kaagiza mwaka huu pango liwe hai. Matete ya kweli, nyasi za kweli, mtoto wa kweli, wanyama wa kweli. Kondoo kapatikana. Ng'ombe hakuna anayetaka kuazima.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, huyo ng'ombe atalishwa na nani. Kasema watoto wa chama cha Utoto Mtakatifu, asubuhi na jioni. Na mlinzi? Yupo, wa kanisa. Mpaka lini? Mpaka igizo liishe, tarehe ishirini na nne.

Jamani! Majani bure. Ulinzi bure. Na ng'ombe anayelishwa na watoto hapungui, ananenepa!

Sikuonyesha furaha. Nikavuta pumzi ndefu. Nikaweka mkono kifuani. Nikasema ni fahali wa sikukuu ya watu, ni vigumu, lakini kwa ajili ya Mtoto Yesu nitavumilia kutengana naye. Yohanes nusura alie. Misumari kalipa bei kamili.

Kajetani sikumwambia. Jambo jema halihitaji kikao.

Jumapili, 21 Desemba

Fahali yuko pangoni. Kwenye matangazo ya misa nimeshukuriwa kwa jina, nikasimama, nikapigiwa makofi. Kajetani hakupiga. Alikuwa ananitazama juu ya miwani.

Nilipokaa nikasikia tangazo la pili. Mtoto Yesu wa mwaka huu atakuwa mtoto mchanga wa ndugu Ramson na mama Skolastika.

Sikuamini masikio yangu! Pango lote hili, ng'ombe wangu, misumari yangu, halafu anayelala katikati ni mtoto wa Ramson! Miezi mitatu tu duniani, keshapata cheo. Ramson kasimama, kapunga mkono kama mgeni rasmi. Makofi yake yalikuwa marefu kuliko yangu.

Jumanne, 23 Desemba

Nimekwenda kumpima. Kifua sentimita mia moja hamsini na sita! Nne zimeongezeka! Nilitaka kucheza pale pale.

Pango lilijaa watoto. Wamemletea pumba, viazi vitamu, miwa, na mmoja kamletea nusu ya andazi lake. Wamemvika taji la maua. Wamempa jina, wanamwita Emanueli. Nikasema moyoni, mwiteni mnavyotaka, mradi ale.

Nilishangaa kuwakuta hata binti wawili wa Bashiru. Bashiru ni Mwislamu, mtu wa Nakapanya, ndiye mchinjaji wetu. Mtaani kwetu huchinji ng'ombe wa wengi bila Bashiru, maana akichinja yeye kila mtu anakula, wa msikitini na wa kanisani. Na yeye mwenyewe alikuwepo! Kaleta debe la pumba begani. Kasema binti zake hawamwachi alale, wanataka Emanueli apate pumba. Kamkuna fahali katikati ya pembe. Sikupenda ile namna ya kumkuna. Mchinjaji hakuni.

Watoto wakaniuliza nampimia nini. Ulimi ukateleza, nikasema nampimia shati la sikukuu. Wamefurahi mno. Sasa wanataka kujua rangi.

Jumatano, 24 Desemba

Usiku umekwenda, lakini niandike.

Igizo lilianza saa kumi jioni. Watu mpaka barabarani. Mama mkwe alifika na gari la mchana kutoka Mpitimbi, kakaa mbele kabisa, kitenge kipya begani. Mimi nilisimama nyuma nikihesabu. Kesho alfajiri Bashiru, saa mbili mafungu, saa nne kidari jikoni, saa saba sahani mezani. Hesabu safi.

Mvua ikashuka juu ya bati. Mtoto wa Ramson akaanza kulia. Si kulia kwa kawaida. Kwaya ikazidiwa! Bikira Maria, binti wa darasa la sita, kambembeleza, wapi. Mtakatifu Yosefu kachungulia, mtoto akazidisha. Skolastika kainuka, Ramson kainuka, mtoto mmoja aliyeigiza mchungaji kaanza kulia na yeye. Moyoni nikasema ndiyo, leo ndiyo leo, aibu ya Ramson mbele ya mama mkwe! Nilikuwa nashukuru kimoyomoyo.

Ndipo fahali akainamisha kichwa. Pole pole. Akaingiza pua kwenye hori akampulizia yule mtoto pumzi, hufff, mara moja, mara mbili. Akamlamba unyayo.

Mtoto akanyamaza. Akacheka!

Halafu vigelegele, hujawahi kusikia. Wanawake wanalia. Padri anafuta macho. Na mama mkwe, jamani, mama mkwe kasimama, katembea mpaka pangoni mbele ya watu wote, kavua kitenge chake kipya, kakitandika mgongoni kwa fahali. Kasema kwa sauti kwamba Bwana alipozaliwa hakuwa na blanketi, wanyama ndio walimpa joto, na leo mjukuu wake kapewa joto lile lile. Kauliza mnyama ni wa nani. Vidole vyote vikanigeukia mimi.

Kanitazama. Kasema, "Baba, umefanya jambo."

Miaka minane namsubiri aniite baba! Na siku anaponiita, amekifunika kidari chake mwenyewe kwa kitenge!

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Yesu na Maria!

Alfajiri Bashiru kafika na kisu. Fahali tayari nimemrudisha uani, kitenge bado mgongoni, sikuthubutu kukitoa. Wanachama wote wapo, majani ya mgomba yametandazwa. Bashiru kamtazama fahali. Fahali kamtazama Bashiru. Bashiru karudisha kisu kwenye ala.

Kasema hawezi. Kasema amechinja tangu akiwa kijana, hajawahi kurudisha kisu, lakini binti zake wamekaa mlangoni tangu adhana wanalia, wamemwambia akimchinja Emanueli hawatampikia chai mpaka Ramadhani. Nikamwambia Bashiru, huyu si Emanueli, huyu ni kilo mia mbili na themanini! Kasema lahaula, mzee Selestine, zile kilo ulizipata kwa pumba yangu.

Nikasema basi nitachinja mwenyewe! Hassani kasema chinja, lakini kaya tano hazitatia mdomoni nyama yako, na haki yao wanaidai leo leo. Nikawageukia Wakristo wenzangu. Wanatazama viatu! Kajetani kasema mkewe katangaza kwamba atakayeingiza nyumbani nyama ya ng'ombe aliyempulizia Mtoto, aingize na mke mwingine wa kuipika.

Nikakimbilia bucha. Ndoano tupu. Bucha ya pili, mwenye bucha mwenyewe yuko kanisani. Nikarudi. Kajetani kaniuliza kama nakumbuka maneno ya kikao. Anayakumbuka na nukta zake.

Kuku wa Imaculata walikuwa kumi na wanne. Nasema walikuwa. Kile kisu kilichokataa fahali kilikubali kuku wote kumi na wanne bila hata kusita! Maharage nusu gunia. Mchele wote wa ndani. Wanawake wa mtaa mzima wakavamia uani na masufuria, kila mmoja anamwelekeza mwenzake chumvi. Kufika saa saba nimehesabu watu sabini na mmoja kwangu. Watoto wenye nguo mpya wamekaa juu ya mifuko yangu ya saruji! Wa msikitini, wa kanisani, na wawili ambao mpaka sasa hakuna anayewajua. Ramson kaja na kreti la soda, akapongezwa kama kaleta ng'ombe. Kala mapaja mawili. Niliyahesabu.

Nikaenda jikoni, nikakaa juu ya kinu. Saa ya sahani ya mama mkwe imefika, na ndani yake kuna wali, maharage na shingo ya kuku. Shingo! Nikamwambia Imaculata anipelekee yeye, aombe radhi, aseme kidari kilikuwa na heshima zote ila kimepata jina.

Nikasikia kicheko. Mama mkwe kacheka mpaka kashika nguzo. Kaniita mwenyewe, hakupitisha kwa mtu. Nikaenda nimeinama, shikamoo mama. Kaitikia, kasema nitazame. Kafungua kinywa. Hana magego! Hana hata moja, huu mwaka wa kumi! Kidari cha kwa Ramson kila mwaka alikuwa anampa mlinzi wa getini. Anachokula yeye ni maharage.

Nikauliza sasa kwa nini, mama, miaka yote minane kwa Ramson? Kanishangaa. Kasema Ramson kila Desemba anapanda pikipiki, anafika Mpitimbi, anakaa kwenye mkeka, anakunywa togwa, anasema mama nimekuja kukuomba uje. Kasema mkwe haendi nyumba asiyoombwa, hata ingekuwa imeezekwa kwa nyama. Mimi sikuwahi kwenda kumwomba. Mwaka huu aliyekwenda ni Imaculata, kwa miguu yake, kaomba kwa jina langu.

Nimepigwa na butwaa. Miaka minane sikwenda kumkaribisha kwa sababu nilikuwa nasubiri nipate kidari kwanza!

Kala sahani yote. Kaongeza maharage. Kasema tangu utoto wake, walipokuwa wanakula sikukuu ua mmoja, ukoo mzima na majirani, hajaona Krismasi kama hii. Kisha kamgeukia Ramson kamshukuru kwa kumtoa mtoto alale pangoni. Ramson! Kamshukuru Ramson! Nyumba yangu! Kuku wangu!

Ijumaa, 26 Desemba

Kikao cha dharura. Wameamua fahali aende Mpitimbi, kwa mama mkwe, akalime. Atakayemchinja hayupo, atakayemlisha hapa hayupo, na watoto wameahidiwa kwenda kumsalimia. Chama kinanidai mimi thamani ya fahali, na malipo ya kwanza ni mbuzi wawili, waliwe Jumapili ya tarehe nne, ili kila kaya ionje nyama yake.

Fahali kapanda fuso mwenyewe, bila kusukumwa. Kwangu alikuwa hatoki kwenye mchicha mpaka vijana wanne wamvute.

Mama mkwe kaaga dirishani. Kasema kwa upole kwamba kama namtaka Pasaka, nijue pa kumkuta. Niende mwenyewe, nikae, nimwombe. Hataki mzigo, hataki zawadi. Mguu wangu tu. Nikasema ndiyo mama, nimeelewa mama. Imaculata kanitazama kwa jicho la kuniuliza kama kweli nimeelewa.

Nimeelewa sana. Nimelitafakari kutwa nzima dukani. Tatizo ni meno.

Jumapili, 28 Desemba

Siku njema kuliko zote mwezi huu!

Mtu asiye na magego hapelekewi kidari. Anapelekewa maini! Laini, hayatafunwi, yanayeyuka. Ramson hajawahi kufikiria maini. Anaendesha pikipiki mpaka Mpitimbi kunywa togwa, mtu mzima na cheti chake! Mimi nitaweka maini kwenye hotipoti, nimpe kondakta wa basi la asubuhi, yatafika yakiwa moto kabla Ramson hajapata petroli. Na duka halifungwi hata saa moja.

Mbuzi nimeshawanunua. Wamefika jana. Kwenye kikao Kajetani kauliza nani atawatunza wiki hii. Watu wakaangalia viatu. Nikasimama. Nikasema nitawatunza mimi, ila maini yote yawe yangu bila kura. Hassani kacheka mpaka kakohoa. Kajetani kavua miwani kabisa, kaifuta, kauliza kama katika haya yote kuna lolote nililojifunza. Nikamwambia mwalimu, nimejifunza habari ya meno ambayo hata wewe ulikuwa huijui.

Mbuzi wenyewe wanakula kama askari. Asubuhi hii nimeshuka bondeni mara mbili.

Lakini baada ya misa nimekutana na Yohanes, uso umemshuka. Jumapili ijayo ni sikukuu ya Mamajusi. Pango bado lipo, wafalme watatu wamepatikana, mataji yameshabandikwa karatasi za dhahabu. Wanachokosa ni ngamia, na Songea nzima hakuna ngamia. Nikavuta pumzi ndefu. Nikaweka mkono kifuani. Nikasema ninao mbuzi wawili warefu, wenye shingo. Ni vigumu kutengana nao, lakini nitavumilia. Watoto watawalisha wiki nzima, asubuhi na jioni!

Mimi si mjinga wa kurudia kosa. Safari hii nimempa Yohanes sharti, tena mbele ya Imaculata awe shahidi: igizo likiisha wanarudi siku hiyo hiyo, na mtoto yeyote asithubutu kuwapa majina. Kakubali. Tumepeana mikono.

Gaspari na Baltazari wanapelekwa kesho asubuhi.